Ufunguo wa Chumba: Kinachowapa Wazee Raha katika Makazi ya Pamoja

Makazi ya wazee ni mahali ambapo watu wa umri mkubwa huishi pamoja huku wakipata chakula, usafi na uangalizi wa afya. Ndugu wanaomtafutia mzee wao mahali pa namna hiyo huangalia kwanza usalama: sakafu isiyoteleza, muuguzi wa zamu ya usiku, dawa zinazotolewa kwa saa zake. Yote hayo ni ya lazima. Hata hivyo, uchunguzi uliofanyika Marekani tangu miaka ya 1970 unaonyesha kwamba mzee anaweza kuyapata yote na bado akanyong'onyea, kwa kuwa raha yake hutegemea sana kama angali na kauli juu ya maisha yake.

Uchunguzi unaotajwa zaidi ni wa wanasaikolojia Ellen Langer na Judith Rodin, uliotolewa mwaka 1976. Ulifanyika katika nyumba ya wazee ya Arden House, jimboni Connecticut. Wakazi wa ghorofa moja waliambiwa kwamba kupanga chumba ni juu yao, lisilowaridhisha waliseme, na usiku wa kutazama filamu wauchague wenyewe. Kila mmoja akapewa mche autunze kwa mkono wake. Ghorofa nyingine ilipata filamu ileile na miche ileile, ila usiku wa filamu ulipangwa na ofisi na miche ikamwagiliwa na wauguzi. Baada ya wiki tatu, wazee wa kundi la kwanza walikuwa wachangamfu zaidi na wenye mazungumzo zaidi. Miezi 18 baadaye, katika kundi hilo walikuwa wamefariki 7 kati ya 47, na katika lile la pili 13 kati ya 44. Tofauti hiyo ya vifo isichukuliwe kuwa hakika, kwani watafiti wenyewe walirekebisha hesabu mwaka 1978 na kueleza kwamba uthabiti wake kitakwimu ni mdogo kuliko walivyoandika. Uchangamfu ulioonekana ndio wenye uzito.

Mwaka 1983 Karen Brown Wilson alifungua makazi ya wazee ya Park Place mjini Portland, jimboni Oregon, akayajenga juu ya wazo hilohilo. Waliohamia humo waliitwa wapangaji, wala si wagonjwa. Kila mmoja alikuwa na jiko lake, bafu lake, samani alizotoka nazo nyumbani na mlango wenye kufuli, ufunguo ukiwa mkononi mwake. Mhudumu alipiga hodi na kungoja. Wengi waliona hatari: mzee dhaifu akijifungia ndani, nani atamwokoa? Serikali ya jimbo iliwafuatilia wapangaji hao, na matokeo ya mwaka 1988 yalionyesha kwamba afya zao hazikuzorota, waliridhika zaidi na maisha, na gharama kwa serikali zilipungua.

Daktari Bill Thomas alikwenda mbali zaidi. Alipofika Chase Memorial, nyumba ya wazee katika kijiji cha New Berlin, jimbo la New York, aliona wazee wakisumbuliwa na upweke, uchovu wa kukaa bure, na unyonge wa kufanyiwa kila kitu. Mwaka 1991 akaleta mbwa wawili, paka wanne na kasuku wadogo 100. Ndege walifika kabla ya vizimba, wakafunguliwa ndani ya saluni ya nywele, nao wazee wakajaa dirishani kuwatazama wafanyakazi wakihangaika, wakacheka hadi basi. Baadaye kila aliyetaka alikuwa na ndege wa kumlisha. Idadi ya dawa alizoandikiwa kila mkazi ilishuka hadi nusu ya zile za nyumba nyingine iliyolinganishwa nayo, hasa dawa za kutuliza fadhaa. Mtu anayengojewa na kiumbe asubuhi ana sababu ya kuamka.

Kwa upande wa ndugu, jambo kubwa ni namna ya kutembelea. Mwaka 1976 mtafiti Richard Schulz alichapisha uchunguzi ambamo wanafunzi wa chuo kikuu waliwatembelea wazee. Waliojichagulia siku, au walioarifiwa mapema, walipata nafuu ya mwili na moyo kuliko waliofikiwa ghafla, ingawa muda wa mazungumzo ulikuwa sawa. Lakini matembezi yalipokoma, hao walionufaika ndio walioporomoka zaidi. Kwa hiyo ratiba ndogo isiyokatika ni bora kuliko wiki za kwanza zilizojaa wageni na kisha ukimya. Mzee aulizwe siku inayomfaa, na ndugu akilazimika kusafiri, amwambie mapema na wakubaliane nani atakayeshika zamu hiyo.