Wawili, Alama Moja

Wanangu wa Lodwar na Kakuma, barafu mnayoijua ninyi ni ile ya dukani, nyekundu au ya manjano, ndani ya mfuko wa plastiki. Usipoinyonya haraka, jua linakuwahi. Leo nawapeleka mahali ambapo barafu ni kiwanja kizima, urefu mita 60 na upana mita 30. Wachezaji huvaa buti zenye chuma chembamba chini ya soli, wakateleza kwa kasi huku muziki ukipigwa.

Mmoja wao alikuwa Robin Szolkowy. Alizaliwa mwaka 1979 katika mji wa Greifswald, Ujerumani Mashariki ya wakati ule. Mama yake ni Mjerumani, baba yake Mtanzania. Kwa hiyo mnapomtazama, mjue kwamba nusu ya nasaba yake ni ya majirani zetu wa kusini.

Robin alianza kuteleza peke yake, kisha akahamia mchezo wa wawili, mwanamume na mwanamke. Humo mna kazi ya kutisha. Wakiwa mbioni, mwanamume humshika mwenzake kiunoni na kumrusha. Mwanamke hujizungusha hewani mara tatu, kisha hutua kwa mguu mmoja akienda kinyumenyume. Mara nyingine mwanamume humwinua juu ya kichwa huku yeye mwenyewe akiendelea kuteleza. Mmewahi kubeba jerikeni la maji wawili kwa mti mmoja? Mwenzako akiharakisha kidogo tu, maji yanamwagika. Ndivyo ilivyo hapa, ila kinachomwagika ni mtu. Tena waamuzi hawampi kila mmoja alama zake. Alama ni za wote wawili.

Mwaka 2003 Robin alipata mwenzake, Aljona Savchenko kutoka Ukraine. Walifanya mazoezi katika mji wa Chemnitz chini ya kocha Ingo Steuer, ambaye naye aliwahi kuwa bingwa wa dunia wa mchezo huohuo.

Lakini kulikuwa na kikwazo. Katika Olimpiki, wote wawili lazima wawe raia wa nchi moja, na Aljona hakuwa Mjerumani. Ninyi wa Kakuma hamhitaji kuelezwa uzito wa karatasi ya uraia. Wakimbiaji watano waliotoka kambini kwenu walikwenda Rio mwaka 2016 katika timu ya kwanza ya wakimbizi, na Rose Nathike Lokonyen ndiye aliyebeba bendera. Kwa Aljona hapakuwa na njia kama hiyo. Aliomba uraia wa Ujerumani, akaupata, na mwaka 2006 wakashiriki Olimpiki ya Torino. Walimaliza wa sita.

Baada ya hapo walizidi kupanda. Walikuwa mabingwa wa dunia mwaka 2008, 2009, 2011 na 2012. Dhahabu ya Olimpiki tu ndiyo iliyowakimbia. Mwaka 2010, kule Vancouver, walipata shaba. Mwaka 2014, kule Sochi, waliweka mwishoni mwa mchezo wao mrusho mgumu sana, ambao wachezaji wengi hata hawaujaribu. Aljona akaanguka. Shaba tena.

Mngefanya nini hapo? Wao walirudi mazoezini. Mwezi uliofuata walikwenda Saitama, Japani, wakatwaa ubingwa wa dunia kwa mara ya tano. Ndipo Robin akastaafu, akawa kocha.

Aljona aliendelea na mwenzake mpya, Bruno Massot kutoka Ufaransa. Naye Bruno ilimbidi apate uraia wa Ujerumani kwanza. Mwaka 2018, kule Pyeongchang, walishinda dhahabu ya Olimpiki. Robin hakuwa naye pale juu, lakini miaka kumi na mmoja ya kurushwa na kudakwa haikupotea. Aljona alikuwa ameibeba miguuni.

Mkiuona mchezo huu kwenye runinga, macho yenu yatamfuata anayeruka, maana ndiye anayepepea. Mtazameni pia anayerusha. Akimwachia mapema au akichelewa kidogo, mwenzake ndiye atakayegonga barafu, na alama zitawapungukia wote wawili.