Ugomvi wa Ulingoni Hauivi kwa Moto Mkali

Ndugu msikilizaji, nenda kwenye kibanda chochote cha video, Kirumba au Igoma, siku wanapoonyesha mieleka ya Wamarekani. Haipiti nusu saa kabla ya mjuaji mmoja kusimama na kutangaza: "Hawa wanaigiza tu, mshindi anapangwa!" Husema kwa sauti ya mtu aliyefichua siri kubwa. Lakini siri hiyo ilifichuliwa zamani. Mwaka 1989 kampuni ya WWF yenyewe iliwaeleza wabunge wa jimbo la New Jersey kwamba mieleka yake ni burudani, si mashindano, ili iondolewe katika masharti yanayosimamia michezo kama ngumi.

Basi mjuaji wetu tumwache na ujuzi wake, tuulize swali lenye uzito zaidi. Kama mshindi anapangwa, na watu wanajua kuwa anapangwa, kwa nini hurudi tena wiki inayofuata?

Jibu ni kwamba mieleka ya televisheni haiuzi mapigano. Inauza kungoja.

Tuanze na mpira ili tuelewane. Mwaka 1974 Simba na Yanga zilikutana hapa hapa Mwanza, katika uwanja wa Nyamagana, kuamua ubingwa wa nchi, na Yanga ikashinda mabao 2 kwa 1 baada ya muda wa nyongeza. Utamu wa siku ile haukuandikwa na mtu. Ungeweza kuja, ungeweza pia usije. Mwandaaji wa mieleka hawezi kukaa akisubiri bahati ya namna hiyo. Yeye hana budi kuutengeneza utamu kwa mkono wake, na kifaa chake kikubwa ni kalenda.

Kazi yenyewe huenda hivi. Kwanza hupatikana sababu ya ugomvi, tena sababu ambayo mtu yeyote anaielewa: wivu, usaliti, mkanda wa ubingwa ulioibwa. Kisha adui humdhulumu steringi mbele ya macho yetu, mwamuzi akiwa amegeuka. Steringi anataka kulipiza kisasi, lakini hapewi nafasi. Wiki hii adui amekimbia, wiki ijayo rafiki zake wameingilia, wiki ya tatu pambano limevunjwa. Kila mara mtazamaji hupewa kidogo na kunyimwa kikubwa. Hatimaye hutangazwa tarehe, na kikubwa kile hutolewa siku ambayo watu wamelipa kukiona.

Mfano mzuri ni wa Hulk Hogan na Randy Savage. Machi 1988 Savage alitwaa ubingwa kwa msaada wa Hogan, na wawili hao wakawa marafiki wa kufa na kuzikana. Kwa miezi mingi hakuna aliyemnyoshea mwenzake ngumi. Yalikuwepo macho tu: Savage akimtazama Hogan vibaya kila alipomkaribia Bi Elizabeth, msimamizi wa Savage. Urafiki ulivunjika Februari 1989, na wakapambana Aprili 2 mwaka huo, Hogan akashinda. Zaidi ya mwaka mzima ulitumika kuandaa usiku mmoja, na waliongoja walipewa walichongojea.

Sasa tazama mfano wa pili, maana huu una somo chungu. Kuanzia mwaka 1995 kampuni mbili, WWF na WCW, zilikuwa zikirusha vipindi vyao usiku ule ule wa Jumatatu. Mwaka 1996 Hogan, aliyekuwa amehamia WCW, aligeuka kutoka steringi akawa adui, akakusanya genge lake. Mpinzani wake akawa Sting, ambaye kwa zaidi ya mwaka mmoja hakupigana pambano lolote wala kusema, isipokuwa maneno machache mno. Alipaka uso rangi nyeupe na nyeusi, akasimama juu kabisa darini mwa ukumbi, akatazama. Watu waliungoja mshuko wake kama wakulima wanavyongoja mvua.

Siku ikafika, Desemba 28, 1997. Na siku hiyo waandaaji wakaharibu chakula mezani. Mwamuzi alitakiwa aonekane kumhesabia Sting haraka kwa hila, lakini hesabu yake ikaonekana ya kawaida, kwamba Sting ameshindwa kihalali. Pambano likaanzishwa upya na Sting akapewa ushindi, lakini wenye macho walikuwa wameona. Siku chache baadaye mkanda ukatangazwa kuwa hauna mwenyewe. Mwaka wa subira ukaishia kwenye ubishi wa mwamuzi.

Hawakujifunza. Julai 6, 1998 walikuwa na kijana aitwaye Goldberg, ambaye hajawahi kushindwa. Pambano lake na Hogan lingeweza kupikwa kwa miezi kadhaa na kulipiwa na watu wengi. Lakini kwa sababu ya kushindana na jirani wa Jumatatu, walilitoa bure katika kipindi cha kawaida, baada ya kulitangaza kwa siku chache tu. Goldberg akashinda, ukumbi wa Atlanta ukalipuka kwa shangwe, na wiki iliyofuata hapakuwa na kitu kikubwa kama hicho cha kutoa. Januari 4, 1999 Hogan alimgusa Kevin Nash kifuani kwa kidole, Nash akaanguka chali kama gogo, na ubingwa ukahama. Watu walioahidiwa pambano wakapewa kidole. Machi 2001 WCW ilinunuliwa na mshindani wake. Sababu za kuanguka kwake zilikuwa nyingi, lakini mojawapo ni hii: mtazamaji alichoka kungoja kitu ambacho hakifiki.

Ndugu msikilizaji, hayo ya Marekani tuyaache huko, turudi kwetu, maana sisi tuna uhasama wa jukwaani uliozaliwa kabla ya televisheni. Nazungumzia Wagika na Wagalu, vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma, vinavyohesabu asili yao kwa wacheza ngoma na waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha. Swali lao lilikuwa moja: dawa ya nani ina nguvu ya kuvuta watu?

Bujora, pale Kisesa, ambako Padre David Clement kutoka Kanada alijenga kituo chake katika miaka ya 1950, mashindano hayo yaliingizwa katika sikukuu ya Bulabo, wakati wa Ekaristi Takatifu. Makundi mawili hucheza wakati mmoja, uwanja mmoja, na watu wako huru kwenda watakako. Duara lililojaa ndilo lililoshinda. Kwa hiyo kiongozi wa ngoma hatoi vyote asubuhi. Ana chatu wake, ana kinyago chake, ana mchezo ambao hakuna aliyeuona, naye hungoja hadi aone watu wanaanza kumhama.

Angalia pia kalenda yao. Msimu wa ngoma huja baada ya mavuno, Juni hadi Agosti, kisha watu hurudi mashambani. Miezi ya jembe ndiyo miezi ya kungoja. Aliyeshindwa ana mwaka mzima wa kutunga na kutafuta dawa mpya, na aliyeshinda ana mwaka mzima wa kuogopa. Uhasama huo umewazika waanzilishi wake, nao bado unaishi.

Kwa nini wao wameweza pale WCW ilipokwama? Kwa sababu mwamuzi wao ni miguu ya watazamaji. Miguu haihesabu haraka, haihongwi, wala haisahau ahadi.

Somo hili linawahusu waandaaji wa ngumi na wa ngoma hapa mjini. Ukiita kikundi kimoja kicheze dakika kumi mbele ya wageni waheshimiwa, umepata ngoma lakini umekosa mpinzani, na bila mpinzani hakuna anayeuliza kesho itakuwaje. Ukitangaza mahasimu wawili mara tatu, na mara tatu pambano likaahirishwa, utakuwa umeitumia subira ya watu kama mkopo usio na nia ya kuulipa.

Wahenga walisema subira huvuta heri. Mtu aliyeketi kwenye benchi la kibanda cha video, au aliyesimama juani Bujora, yuko tayari kungoja hata mwaka. Anachodai ni kwamba heri ifike. Isipofika, hatapiga kelele wala hataandika barua ya malalamiko. Atajikung'uta vumbi, ahamie duara la pili.