Moyo Ukisimama Njiani, Gari Nalo Lisimame

Rufaa ikitoka Murungu, wilayani Kibondo, mkoani Kigoma, kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni, gari la wagonjwa lina zaidi ya kilometa 200 mbele yake. Moyo wa mgonjwa ukisimama katikati ya safari hiyo, kishawishi ni dereva kukanyaga mafuta huku muuguzi akikandamiza kifua huko nyuma. Hapo ndipo mgonjwa anapopotea. Ili damu ifike kwenye ubongo, kifua cha mtu mzima lazima kididimie sentimeta 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kukatiza zaidi ya sekunde 10. Muuguzi aliye peke yake, mkono mmoja umeshika chuma asianguke kwenye kona, hawezi. Na hata kwenye lami nzuri, dakika 2 tu zinatosha kumchosha. Gari likiegeshwa, dereva aliyefundishwa hupokea zamu ya kukandamiza, na muuguzi akapata nafasi ya kupuliza hewa kwa mfuko na barakoa.

Wapo watakaosema kuegesha porini ni kumkatia mgonjwa tamaa. Kwa mjamzito hoja hiyo ina uzito: kizazi kisukumwe upande wa kushoto, na kama kituo chenye upasuaji ki karibu kabisa, gari liende, kwani kumtoa mtoto mapema huweza kumwokoa na mama. Wengine wengi hospitali ya mbali haitawafaa ikiwa ubongo umekosa damu njia nzima.

Na kuacha kukandamiza je? Utafiti wa Ontario, Kanada, uliochapishwa mwaka 2006, ulipendekeza kuacha pale ambapo wahudumu hawakushuhudia moyo ukisimama, mapigo hayajarudi na mashine haikutoa mshtuo wa umeme. Kati ya watu 776 wa namna hiyo, walipona 4. Ila moyo wa mgonjwa wa rufaa husimama mbele ya macho ya muuguzi, hivyo kanuni hiyo haimruhusu kuacha upesi. Kwangu mimi, kipimo cha haki ni dakika 20 za kukandamiza kwa usahihi bila mapigo yoyote, baada ya kutafuta chanzo kinachotibika kama kukosa hewa au kutokwa damu, kisha daktari aamue kwa simu, ndugu wakisikia sababu. Muuguzi asiachiwe mzigo huo peke yake. Halmashauri za Kibondo na Kasulu, iliyo kwenye njia hiyo, ziuandike utaratibu huu, ziubandike ndani ya kila gari, na simu ya daktari wa zamu ipokelewe hata usiku wa manane.