Mbuzi wa Kuchinjwa na Mbuzi ya Kukalia

Ukisikia mbuzi amevunjika mguu, mwite mchinjaji. Ukisikia mbuzi imevunjika mguu, mwite seremala. Pwani jina ni moja, ila mmoja hula majani na nyingine hula nazi, na mtoto wa Unguja au Mombasa hababaiki.

Mbuzi ya nazi ni kigoda cha mbao mbili zinazopishana na kukunjwa, mbele kimechomoza chuma chenye ncha bapa ya duara iliyochongwa meno. Jina huenda limetokana na umbo: shingo iliyonyooshwa na mdomo unaoguguna. Si sisi peke yetu tulioona mnyama pale. Watu wa Thailand chombo chao cha kazi hiyo hukiita sungura.

Mabinti walifundishwa kuikalia kwa upande, miguu pamoja, kanga imefungwa barabara. Kuipanda kama punda mbele za watu ulikuwa utovu wa adabu. Nusu ya nazi huzungushwa mkononi, kuanzia ukingoni kuingia ndani, na mkono huachia kabla meno hayajagusa kifuu. Weusi ukiingia, tui hubadilika rangi, na mama mkwe ataliona kabla hajaonja. Kisha nazi hutiwa maji na kukamuliwa kwa kifumbu: tui zito huwekwa kando, jepesi hutangulia chunguni. Chicha ni haki ya kuku.

Siku ya akika, sadaka ya mtoto aliyezaliwa, mbuzi hao hukutana. Nje, wanaume humchinja mbuzi wa mtoto, wawili kwa wa kiume, mmoja kwa wa kike, na wengi hukata nyama kwenye viungo wasivunje mifupa. Uani, wanawake wamezikalia mbuzi zao wakikuna nazi za wali, na habari za mtaa mzima hupita hapo, maana kazi hii hushika mikono ikauacha mdomo. Mimi naamini nusu ya utamu wa wali ule hutoka kwenye maneno hayo.

Siku hizi sokoni kuna mashine ya umeme ya kukunia, na madukani kuna tui la kopo. Sina ugomvi navyo. Nazi za shughuli huchosha mabega. Lakini anayepika mchuzi wa pweza wa watu wawili bado huivuta mbuzi kutoka nyuma ya mlango, kwani nazi moja haimpeleki mtu sokoni.