Kukesha Ruksa, Kulala Marufuku

Aliyelelewa kanisani Afrika Mashariki anaujua mkesha. Unaingia saa tatu usiku, unatoka alfajiri. Watoto wanalazwa juu ya kanga chini ya viti, na mama wa kwaya anasinzia huku akiapa kwamba alikuwa anaomba. Hapa Marekani pia tunakesha, na sijasikia afisa wa mji aliyebisha hodi kwa ajili hiyo. Lakini tandika magodoro, ulaze watu wasio na makazi kwa kuwa nje kuna barafu, na jengo lile lile laweza kuhesabiwa kuwa makazi.

Hapo ndipo lilipokwama kanisa la Dad's Place katika mji mdogo wa Bryan, Ohio. Tangu Machi 2023 liliacha mlango wazi usiku na mchana. Jengo lipo katikati ya mji, katika eneo la biashara ambalo sheria ya matumizi ya ardhi hairuhusu makazi kwenye ghorofa ya chini. Novemba mji ukatoa ilani. Ulipofika mwisho wa mwaka, mchungaji akakabidhiwa mashtaka 18.

Wengi wetu tuliisoma habari ile kama kisa cha mchungaji kushtakiwa kwa huruma yake. Ni kweli, ila nusu. Ndani yake zilikuwemo sheria mbili, ya ardhi na ya moto, na kinga ya kanisa mbele ya kila moja si sawa.

Kwa upande wa ardhi, ipo sheria ya shirikisho ya mwaka 2000, iliyotiwa saini na Rais Bill Clinton. Inaukataza mji kutumia kanuni zake za ardhi kuitwisha ibada mzigo mkubwa, isipokuwa uwe na sababu nzito kabisa na uchague njia inayobana kidogo kuliko zote. Makanisa hujenga hoja kwamba kumkaribisha asiye na pa kulala ni ibada. Mbele ya afisa wa zimamoto hoja hiyo hupungua nguvu. Kule Bryan, mashtaka ya kwanza yalifutwa Februari 2024. Lakini Januari 2025 mchungaji alitiwa hatiani kwa kuvunja kanuni za moto, akatozwa faini ya dola 200.

Siupendi uamuzi wa mji ule, ila hoja ya moto siwezi kuicheka. Kanuni za ujenzi huchukulia kwamba watu waliokusanyika ukumbini wako macho: wakiona moshi watakimbilia mlangoni. Aliyelala hauoni. Ndiyo sababu jengo jipya la kulala hudaiwa mabomba ya kunyunyizia maji darini, na kuyaweka katika jengo la zamani ni gharama inayoweza kuumaliza mfuko wa ujenzi. Tena tuambiane ukweli: katika baadhi ya kumbi tunazopanga, mlango wa nyuma umezibwa na spika na masufuria ya sherehe.

Jimbo la Washington limetafuta njia ya kati. Mwaka 2009 mahakama yake ya juu ililipa ushindi kanisa moja la Woodinville lililonyimwa nafasi ya kuomba kibali cha kupokea kambi ya mahema. Mwaka uliofuata bunge la jimbo likatunga sheria ya kuyalinda makanisa yanayopokea wasio na makazi, na mwaka 2020 likaipanua hadi kugusa malazi ya usiku ndani ya majengo. Kwa kawaida, ukumbi wenye angalau milango miwili ya kutokea hauzuiwi kwa sababu tu hauna mabomba ya darini, labda zimamoto waone hatari iliyo karibu. Badala yake mji unaweza kudai makubaliano ya maandishi: ving'ora vya moshi vinavyofanya kazi, mitungi ya kuzimia moto, alama za kutokea zenye taa, na watu wa zamu wasiolala, wenye simu mkononi na wanaojua la kufanya.

Jimboni humo, kanisa la Riverton Park United Methodist la Tukwila limehifadhi mamia ya waomba hifadhi tangu mwishoni mwa 2022, wengi wao kutoka Angola, Kongo na Venezuela, wengine ndani na wengine kwenye mahema uwanjani. Oktoba 2023 mji ulitangaza hali ya dharura kwa ajili yao.

Makanisa yetu mengi yana kikwazo kingine. Sheria ya Washington inazungumzia mali ambayo kanisa linaimiliki au lina mamlaka juu yake. Anayepanga ukumbi kwa Jumapili mchana, baada ya wenyeji kumaliza ibada yao, ana mamlaka gani Jumanne usiku? Jibu limo kwenye mkataba wa pango, ule uliosainiwa haraka haraka na kutiwa kwenye faili la mhazini. Utolewe sasa, kabla theluji haijaanza. Mzee wa kanisa aende nao kwa mwenye jengo, kisha kwa zimamoto. Watu wa zamu hatutawakosa. Akina mama wa mkesha wapo, mradi safari hii wasisinzie.