Pedali ya Breki Imelegea? Soma Dalili Kabla Hujanunua Masta

Ukikanyaga breki ya gari la zamani na pedali ikashuka kama unakanyaga godoro, mara nyingi gari bado linasimama. Linachelewa kidogo tu. Unapampu mara mbili, pedali inapanda, safari inaendelea. Ndiyo maana watu wengi wanazoea. Wanasema "hili gari langu mimi nalijua mwenyewe", na miezi inapita.

Sasa tupige hesabu kidogo. Gari linalokwenda kilomita 40 kwa saa linakula karibu mita 11 kila sekunde. Ukitumia nusu sekunde kupampu, umeshasogea mita tano na nusu kabla breki haijaanza kushika. Kwenye barabara tupu hizo mita hazina kesi. Mtaa wa Msimbazi saa kumi jioni, hapo kuna mkokoteni, bodaboda na mtu aliyebeba furushi kichwani ambaye hata hajakuona.

Ukilipeleka gari gereji, jibu la haraka huwa "masta imekufa, bosi". Yaani masta silinda, ile pampu inayosukumwa na pedali. Inawezekana ni kweli. Lakini pedali laini ina sababu kadhaa, na kila moja inajitambulisha kwa namna yake mguuni. Ukizijua, utaingia Gerezani kutafuta spea ukiwa na hoja, siyo na pochi tu.

Mafuta hayabonyei, hewa inabonyea

Gari dogo halina breki za upepo kama malori. Linatumia mafuta ya breki. Mguu unasukuma pedali, pedali inasukuma pistoni ndani ya masta, na mafuta yanapeleka presha hiyo kwenye magurudumu yote. Ni kanuni ya Blaise Pascal, Mfaransa wa karne ya 17: presha ukiiweka kwenye kimiminika kilichofungiwa, inasambaa kila upande.

Mfumo huu unafanya kazi kwa sababu kimiminika hakikubali kubonyea. Ukikanyaga kwa nguvu, presha ndani ya mabomba inaweza kufika kama mara 70 ya presha ya hewa tunayovuta. Kwa presha hiyo, mafuta yanapungua ujazo kwa chini ya asilimia moja. Hewa je? Inabanwa mpaka inabaki moja ya sabini ya ilivyokuwa. Yaani imepotea.

Chukua sentimita za ujazo 5 za hewa, kijiko kimoja cha chai. Pistoni ya masta yenye kipenyo cha milimita 22 lazima isogee kama sentimita 1.3 ili kuibana hewa hiyo tu, kabla gurudumu halijapata kitu. Na kwa kuwa pedali ni wenzo, tuseme wa nne kwa moja, mguu wako utashuka sentimita 5 zaidi. Kijiko kimoja cha hewa, na pedali imekaribia sakafu.

Vipimo vya mguu

Simamisha gari mahali tambarare na uweke jiwe mbele na nyuma ya gurudumu. Angalia kwanza chupa ya mafuta ya breki. Kama yamepungua, ama yanavuja mahali, ama breki pedi zimelika na pistoni zimetoka zaidi. Chungulia ndani ya kila gurudumu na pale masta inapokutana na ukuta wa injini. Unyevu wowote wa mafuta hapo una maana. Kisha kanyaga, na usikilize mguu.

Pedali inadunda kama mpira na inakaza ukipampu. Hiyo ni dalili ya hewa. Kila pampu inasukuma mafuta mengine kidogo, hewa inabanwa zaidi, pedali inapanda. Ukiacha kwa muda, inarudi chini.

Pedali iko chini, lakini ikifika pale inakuwa ngumu, haidundi. Hapo shuku dramu za nyuma. Breki shuu zikilika na virekebishaji vikaganda kwa kutu na vumbi, mafuta mengi yanatumika kuzisogeza tu. Kuna jaribio rahisi kwa magari ambayo hendibreki inatumia shuu zilezile: vuta hendibreki nusu, kisha kanyaga pedali. Ikipanda waziwazi, shuu zinahitaji kurekebishwa, na masta haina kosa.

Ukishikilia pedali, inazama polepole mpaka sakafuni. Mafuta yanatoroka. Kama chupa inapungua, yanatoka nje, tafuta pa kuvuja. Kama chupa haipungui na hakuna unyevu popote, yanatorokea ndani ya masta, yakipita pembeni ya raba zilizochoka. Hapo fundi wako kasema kweli.

Pedali inadunda hata baada ya hewa kutolewa. Mwambie mtu akanyage huku wewe umeshika mipira ya breki, ile inayounganisha bomba la chuma na gurudumu. Mpira wa zamani unaovimba mkononi unakula presha yako.

Vipi kuhusu hidrovaki? Ikiharibika, kwa kawaida pedali inakuwa ngumu kama jiwe, haiwi laini. Ukiambiwa ubadilishe hidrovaki kwa sababu ya pedali laini, uliza swali la pili.

Maji yanayoingia kimyakimya

Sababu nyingine haionekani ukiwa mjini. Mafuta ya kawaida ya breki yana tabia ya kunyonya unyevu, na hewa ya Dar inao wa kutosha mwaka mzima. Maji yanaingia taratibu kupitia mipira na kwenye chupa. Mafuta ya DOT 3 yakiwa mapya yanapaswa kuvumilia angalau nyuzi joto 205 bila kuchemka. Yakishanyonya maji, kiwango cha chini kinachotakiwa ni 140 tu. Kwa DOT 4 ni 230 na 155.

Kwenye foleni ya Kariakoo mwendo ni mdogo, breki hazipati moto sana, hivyo gari litaonekana zima. Lipeleke safari ya Iringa, kisha urudi ukishuka Mlima Kitonga mguu ukiwa juu ya breki muda wote. Mafuta yenye maji yanachemka, mvuke unajaa kwenye mabomba, na mvuke unabonyea kama hewa. Pedali iliyokuwa nzuri asubuhi inakwenda chini mlimani. Ikishapoa inarudi, na fundi hataona kitu. Kinga ni gia ndogo wakati wa kushuka, na kubadilisha mafuta yote kila baada ya miaka miwili hivi. Kuongezea juu hakuondoi maji yaliyomo.

Kutoa upepo, na mtego wake

Kazi inahitaji watu wawili. Mmoja anakanyaga na kushikilia, mwingine anafungua nati ndogo ya kutolea upepo kwenye gurudumu, mafuta na mapovu yanatoka, anafunga, ndipo pedali inaachiwa. Ikiachiwa kabla ya kufunga, hewa inavutwa tena ndani. Magari mengi huanzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta, ila kitabu cha gari lako ndicho chenye neno la mwisho. Chupa isikauke katikati ya kazi, na mafuta yaliyotoka yasirudishwe.

Mtego ni huu. Katika gari la zamani, raba za masta zimezoea kutembea sehemu fupi ileile. Mbele yake kuna kutu na uchafu wa miaka. Ukipampu mpaka sakafuni, raba zinapelekwa huko na zinaweza kuchanika. Ndiyo yale malalamiko ya "breki zilikuwa na nafuu, zimetolewa upepo ndo zimekufa kabisa". Weka kipande cha ubao chini ya pedali ili isifike mwisho.

Na jambo la mwisho kabla hujafungua mfuniko: usiongeze oili ya injini wala ya stelingi kwenye chupa ya breki, hata tone. Raba za breki zimetengenezwa kwa mafuta ya breki. Zikikutana na oili ya petroli zinavimba, na hasara itatoka kwenye chupa moja hadi karibu kila raba ya mfumo mzima.

Kama pedali inazama hadi sakafuni, au unaona mafuta yakivuja kwenye gurudumu, usiliendeshe gari kwenda gereji. Mwite fundi aje lilipo, au livutwe. Akifika, usimwambie "breki mbovu". Mwambie inadunda au inazama, inapanda ukipampu au haipandi, chupa inapungua au haipungui. Kwa majibu hayo matatu, nusu ya kazi yake umeshaimaliza.