ULIZA UPEPO KABLA HUJAULIZA NAULI

Wiki hii tunaliacha vumbi la mkonge, tunaingia kwenye maji ya chumvi. Hakuna kijiwe hapa Korogwe kinachokosa jamaa mwenye mpango wa kuvuka kwenda visiwani. Huyu anafuata kibarua cha karafuu Pemba, yule ana magunia yake ya vitunguu, na mwingine, tusifichane, anafuata mtoto wa Kizanzibari aliyempagawisha! Sawa, kila mtu na lake. Ila ukiwasikiliza wanavyopanga safari yenyewe unaweza kulia. Kila mmoja anauliza swali moja tu: "Nauli shilingi ngapi?"

Ohoo! Hiyo ni akili ya stendi. Basi likiharibika Segera unashuka, unanunua chungwa, unasubiri lingine. Jahazi likikushinda katikati ya mkondo wa Pemba, utashuka wapi?

Sisi wa Korogwe tuna udugu na bahari, tatizo hatujui tu. Maji ya mto Pangani, ambao wengi tunauita Ruvu, yanapita hapa kwetu, yanakwenda Hale, yanaishia Bahari ya Hindi pale mji wa Pangani. Maji yanafika bila kupanga. Wewe panga!

UPEPO NDIO DEREVA

Tuseme unataka ule mzunguko mzima kwa tanga: Tanga mpaka Mkoani, Pemba, Mkoani mpaka Nungwi, Unguja, halafu Nungwi mpaka Pangani. Mkondo wa kwanza wa safari ni kama kilomita 65, wa pili kama 55, wa tatu kama 50. Jahazi lenye upepo mzuri linakwenda kama kilomita 10 kwa saa. Ukipiga hesabu kwenye karatasi unaona mbona mchezo tu, saa saba na nimefika Pemba!

Taratibu, mshikaji. Bahari yetu ina mabosi wawili. Kaskazi inavuma kati ya Desemba na Machi hivi, inatoka kaskazini-mashariki. Kusi inashika kuanzia Aprili au Mei mpaka Septemba, inatoka upande wa kusini. Katikati yao ndipo upepo unapotangatanga kama mlevi, mara huku mara kule.

Sasa Pemba iko mashariki ya Tanga. Wakati wa kaskazi, upepo unakupiga ubavuni kwa mbele, chombo kinalazimika kubisha, yaani kwenda upande huu na kurudi upande ule kama mtu anayepanda mlima wa Lushoto kwa kona. Zile saa saba zinaweza kuzaa mara mbili. Ndiyo maana manahodha wengi hung'oa nanga kabla ya alfajiri, wapate umande, ule upepo mwepesi unaotoka nchi kavu. Lakini ukishafika Mkoani, kaskazi hiyo hiyo inakugeukia rafiki. Inakusukuma kwa nyuma mpaka Nungwi, raha mustarehe!

Kwenye kusi mambo hugeuka. Mkondo wa maji, ambao mwaka mzima unakwenda kaskazini, unapata nguvu zaidi. Kutoka Pemba kushuka Unguja ni kushindana nao, na mawimbi hayana adabu. Kwa hiyo anayepanga kwenda tu, bila kujua upepo gani utamrudisha, huyo hajapanga kitu.

MAJI NAYO YANA RATIBA

Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa kama dakika 50. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua. Hapo tofauti ya maji kujaa na kupwa inapita mita tatu. Vibandari vingi vya mwambao vikikauka ni mchanga mtupu, chombo kinalala ubavu kama ng'ombe aliyeshiba. Ukifika na maji yamekupwa, unakaa nje unasubiri, kiu inakuuma na nchi kavu unaiona kwa macho!

Basi beba maji ya kunywa na chakula cha siku mbili, hata kama umeambiwa ni saa saba.

VASCO DA GAMA ALIIPATA

Mnadhani ni maneno ya kijiweni? Aprili 1498 Vasco da Gama alichukua rubani pale Malindi, akakamata upepo wa msimu, akaiona India ndani ya siku 23 hivi. Oktoba akarudi bila kungoja upepo wa kumrudisha. Njia ile ile ikamla karibu miezi mitatu! Mabaharia wake wengi wakafa kwa kiseyeye. Januari 1499, pale Mtangata, ndiyo Tongoni ya leo, jirani na Tanga, akaichoma moto meli yake moja, São Rafael. Watu wa kuiendesha hawakutosha tena.

Hata leo Wazungu wanaozunguka visiwa vya Ugiriki kwa mashua za tanga, pamoja na mitambo yao yote, Julai na Agosti upepo wa kule uitwao meltemi ukikaza, wanajifungia bandarini wakinywa kahawa. Hawaoni aibu.

BANDARI BUBU? ACHANA NAYO

Hapa sitanii. Usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, MV Spice Islander I ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba. Ilisajiliwa kwa abiria mia sita na kitu. Tume ya uchunguzi ilisema waliokuwemo walizidi 2,000. Julai 18, 2012, katikati ya kusi, MV Skagit ikazama karibu na Chumbe. Hizo ni meli za injini, zimetoka bandari rasmi. Je, kijahazi kinachopakia watu gizani kwenye bandari bubu, jina lako halijaandikwa popote, nani atajua kwamba ulikuwemo?

Kwa hiyo kabla ya nauli uliza haya: Mamlaka ya Hali ya Hewa wanasema nini leo? Wakitaja upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita mbili, rudi gesti ukalale. Maboya ya kuokolea mangapi, watu wangapi? Nahodha ameipita njia hii mara ngapi? Na nani nyumbani anajua siku ya kuondoka na siku ya kufika?

Wazee wa pwani walishasema, usisafirie nyota ya mwenzio. Rafiki yako alivuka salama mwezi wa pili. Wewe unavuka wa saba. Mtoto wa Kizanzibari kama anakupenda kweli, atakungoja mpaka bahari itulie. Na asipokungoja, basi afadhali umemjua ukiwa bado Manundu, nguo kavu!

Tukutane wiki ijayo, kaa chonjo.